Bumu la Binti Si Mshahara wa Nyumba



Leo tunaandika tukiwa tumekereka, kwa hiyo mtuvumilie. Sisi ni mafundi cherehani wa Bweri, Musoma, huku bara ukingoni mwa Ziwa Victoria. Tunashona magauni ya nikah, majuba, sare za shughuli na sare za shule. Stendi kuu ya mabasi ya Musoma iko hapa hapa kwetu Bweri, na kila mwaka Oktoba ikikaribia kwisha tunawaona mabinti wakipanda mabasi ya alfajiri kwenda Mwanza, Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam kuanza chuo. Mama analia, baba anasoma dua, wadogo wanapunga mikono. Inapendeza kuangalia.

Watu wakiulizana mzazi amsaidieje mtoto anayeanza chuo, majibu huwa ni dua, nasaha na begi jipya. Vyote vizuri, Alhamdulillah. Sisi tuna jambo moja tu la kusema, nalo wengi hawapendi kulisikia: mzazi aache kula bumu la mtoto.

Kwa asiyelijua, bumu ni jina la mtaani la fedha za kujikimu anazokopeshwa mwanafunzi na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Bodi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005, na nyinyi wa Visiwani mnayo yenu ya Zanzibar. Kiwango cha chakula na malazi kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023 kikapanda kuwa 10,000. Fedha hizi haziji kila siku wala kila mwezi. Zinakuja kwa mafungu, takriban miezi miwili miwili. Kwa hiyo binti anaona laki sita imeingia kwa mkupuo, na habari inafika nyumbani kabla hajamaliza kununua sabuni.

Hapo simu inaanza kuita.

"Mwanangu, tumesikia limetoka." Mtoto wa Kiislamu aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mama yake halijatoka ilhali limetoka. Anatuma laki moja. Jioni anapiga baba, hajui kama mama ameshapiga, au anajua na kujifanya hajui. Anatuma hamsini. Kesho shangazi ana mgonjwa. Na wote husema maneno yale yale mwishoni: utume na ya kutolea. Wiki moja haijaisha, siku sitini za chakula zimebaki siku ishirini na tano.

Tuipige hesabu vizuri hiyo elfu kumi, maana sisi ni watu wa biashara na tunapenda hesabu. Ndani yake kuna kitanda cha hosteli, au chumba cha kupanga mtaani kama hosteli zimejaa, na mara nyingi zimejaa. Kuna chai, chakula cha mchana na cha usiku. Kuna daladala ya kwenda na kurudi kwa anayekaa mbali. Kuna pedi, mafuta, vocha, kutoa kopi, kuchapisha kazi za darasani. Vitabu na viandikwa vina fungu lake dogo, laki mbili kwa mwaka mzima. Anayeona hapo kuna ziada ya kusomesha wadogo na kumalizia bati la nyumba, aje atuonyeshe ilipo.

Na hilo si kubwa kuliko yote. Kubwa ni kwamba ile fedha ni deni. Haikutolewa zawadi, si posho ya kazi, si mshahara. Binti akimaliza na kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Zamani makato yalikuwa asilimia 8, sheria ikabadilishwa mwaka 2016 yakafika hapo. Mwenye mshahara wa laki saba atakatwa laki moja na elfu tano kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Sasa mzazi anayepokea laki moja ya bumu leo amefanya nini? Amekopa. Amekopa kwa jina la mtoto, kwa dhamana ya mshahara ambao mtoto hajaupata, wala hakumuuliza kama yuko radhi. Baba huyo huyo, jirani akitaka kutumia kitambulisho chake kukopea, atamfukuza na fimbo.

Tuseme na hizi fedha zinakwenda wapi, maana cherehani inaona mengi. Zingekuwa zinakwenda kwenye dawa na unga tungenyamaza. Nyingi tunazozijua sisi zinakwenda kwenye marejesho. Mama amechukua mkopo wa kausha damu ili achangie shughuli, anatakiwa kurejesha kila wiki, wakusanyaji wako mlangoni, heshima inataka kuvunjika. Bumu la binti ndilo linalomwokoa. Ukiuliza shughuli yenyewe ilikuwa nini, ni sendofu ya mtoto wa binamu, kicheni pati ya jirani, au sare.

Sare, jamani. Tunajikatia riziki wenyewe kwa kusema haya, lakini tuseme. Mwanamke mmoja kushona sare ya kitenge hapa kwetu, kitambaa na ufundi pamoja, ukimwambia elfu arobaini hujamwonea. Wanawake ishirini wa ukoo mmoja ni laki nane. Hiyo ni siku themanini za chakula na malazi ya mwanafunzi, na inavaliwa siku moja, kuanzia alasiri hadi saa nne usiku, kisha wiki mbili baadaye kuna shughuli nyingine yenye rangi nyingine. Ukoo huo huo ukiombwa uchange nauli na godoro la binti anayekwenda chuo, kila mtu ana hali ngumu. Mchango wa harusi una kadi, una kamati, una mhasibu na kiwango cha chini. Mchango wa chuo una "tutaangalia".

Turudi kwa binti. Yuko mjini asikokujua, fedha imekwisha, bumu lijalo liko wiki tano mbele. Nyumbani hawezi kuomba, kwa sababu nyumbani ndiko ilikokwenda. Anakula mara moja kwa siku. Anakopa dukani. Anaswali, anafunga Jumatatu na Alhamisi, na marafiki zake wanadhani ni sunna tupu. Kisha kuna kaka mmoja ana gari, au hana gari ila ana kazi, anamwambia twende tukale chipsi, usijali. Mara ya kwanza ni chipsi kweli. Tusijifanye hatujui mara ya sita inakuwa nini. Binti akirudi Bweri na tumbo, baba anakaa barazani kuwaeleza watu kwamba vyuo vimeharibika, mabinti hawana haya, bora angeolewa tu alipomaliza kidato cha nne. Hakuna anayemuuliza baba ile elfu themanini ya mwezi wa Januari ilikwenda wapi.

Hatusemi kila binti aliyeteleza aliteleza kwa njaa. Tunasema njaa ni mlango, na mlango huu tunaufungua sisi wenyewe.

Akibanwa, mzee huleta dini. Hutaja ile hadithi ya mtu aliyekwenda kwa Mtume (SAW) kulalamika kwamba baba yake anataka kuimaliza mali yake, naye akajibiwa kuwa yeye na mali yake ni vya baba yake. Hadithi ipo, na sisi si watu wa kuibisha. Lakini wanachuoni wengi walioieleza wameweka masharti: mzazi awe na haja ya kweli, na anachochukua kisimdhuru mtoto. Sisi tulioishia sekondari na kozi ya ushonaji tunauliza swali la kifundi tu. Hadithi imesema mali. Deni nalo ni mali? Binti ambaye hana chochote ila fedha ya watu anayotakiwa kuirudisha, ana mali gani ya kuchukuliwa? Mtume (SAW) alikuwa akiletewa jeneza anauliza kwanza kama marehemu ana deni. Mirathi haigawiwi mpaka madeni yalipwe. Kwa uzito huo, mzazi mwenye taqwa alipaswa kumsaidia mtoto deni lipungue, siyo kumwongezea.

Tena dini hiyo hiyo imemwekea baba wajibu wa kumlisha binti yake asiye na mali mpaka aolewe. Kila aliyepita madrasa anaujua. Bodi inapomlisha binti kwa mkopo inambebea baba mzigo wake, na baba badala ya kushukuru ananyoosha mkono apokee chenji.

Wapo wazazi waliowakataza watoto wao kuomba mkopo kwa kuogopa riba. Hao tunawaheshimu. Ilikuwepo tozo ya asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, ikafutwa na Rais Samia Suluhu Hassan siku ya Mei Mosi 2021, na kilichobaki kama kina shaka au hakina wawaulize masheikh wao, si mafundi cherehani. Ila tunamfahamu mzazi mmoja aliyeupigia kelele mkopo mwezi wa Julai kuwa ni haramu, binti akaombewa na mjomba, na mwezi wa Desemba mzazi huyo huyo akawa wa kwanza kuuliza kama limetoka. Haramu ya Julai ilikuwaje ikawa halali Desemba, tungependa kujua.

Kuna jambo jingine tunaloliona huku na huenda hata huko kwenu lipo. Mtoto wa kiume akipata bumu anaambiwa anunue kompyuta, ajipange, ni mwanaume atakuwa na majukumu. Wa kike anaambiwa akumbuke nyumbani. Ukidadisi utajibiwa kwamba yeye ataolewa, fedha yake itakuwa ya watu wengine, kwa hiyo nyumbani wachukue chao mapema. Kumbe binti anavunwa kabla hajaiva kwa kuogopa asije akavunwa na mume! Na mume naye katika dini yetu hana haki na shilingi ya mkewe. Hiyo fedha kila mtu anaigombania ila mwenyewe.

Mtatuuliza kuhusu mjane. Mama wa watoto watano, anauza dagaa, mwalo umefungwa au ziwa limechafuka, hakuna unga ndani, na mtoto aliyepo chuo ndiye pekee mwenye fedha mwezi huo. Afanyeje? Swali hili ni la kweli, na hatutalijibu kwa ukali. Binti mwenyewe akitoa elfu ishirini kwa moyo wake mama apate dawa, hiyo ni sadaka na wema kwa mzazi, na atalipwa na Mola wake. Hakuna anayemkataza. Lakini tujiulize sisi majirani. Huyo mjane ana haki kwenye zaka ya matajiri wa msikiti wake. Yumo kwenye mafukara, na pengine yumo hata kwenye wenye madeni, kwa hiyo ana sababu mbili za kupewa. Tunapomwachia binti wa miaka kumi na tisa alishe familia ya watu sita kwa mkopo wake, si mjane aliyekosea. Ni wale wenye maduka mjini waliotoa zaka kwa kugawa noti za elfu moja moja mlangoni siku ya Ijumaa wakarudi ndani. Na hata kwa mjane ipo tofauti kati ya kuomba mara moja kwa shida na kuifanya kuwa kanuni ya kila fungu. Kanuni ndiyo inayoua.

Basi mzazi asaidie vipi? Aanze mapema, mtoto akiwa bado kidato cha sita. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA kwa huku bara, na kwa aliyefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Inataka sahihi ya serikali ya mtaa, inataka wakili au hakimu, inataka mdhamini mwenye kitambulisho. Kila mwaka kuna watoto wanaokosa mkopo kwa sababu baba alisema kesho, kesho. Kuizungukia karatasi hiyo ni msaada mkubwa kuliko begi la magurudumu. Kwa anayekwenda chuo cha kati, ajue kwamba mikopo ya stashahada imeanza mwaka wa masomo 2023/2024 tena kwa kozi za kipaumbele tu, na anayekwenda VETA au kusoma astashahada hana bumu kabisa. Huyo mzazi wake ndiye bumu.

Kisha kuna wiki za mwanzo. Majina ya mkopo yanatoka kwa awamu, usajili una foleni, fedha inachelewa, na huku chuo kinataka malipo ya kitambulisho, bima ya afya na malazi. Wiki hizi ndizo ngumu kuliko zote za miaka mitatu, na ndizo ambazo mzazi amemaliza fedha yote kwenye pilau la kumuaga. Punguzeni pilau. Mpeni binti fedha ya mwezi mmoja na nusu mkononi, hata ikiwa ndogo, na mwambieni wazi kwamba ya nyumbani ni hiyo, ili apange. Mtoto anayejua ana elfu themanini na haji nyingine anaishi vizuri kuliko anayeahidiwa laki mbili zisizofika.

Sisi wa Bweri tuna bahati ya stendi. Gunia dogo lenye unga wa muhogo na mtama, dagaa wa Mwigobero waliokaangwa wakakauka vizuri, karanga na sabuni za kufulia, linapakiwa kwenye basi leo na binti analipokea kesho. Gharama yake haifiki ya sare moja. Wapo akina mama watatu mtaani kwetu wanaopanga kutuma pamoja kila baada ya wiki sita, mabinti zao wako chuo kimoja, wanapika pamoja. Hao hawana fedha kuliko wengine. Mmoja anauza vitumbua.

Tena wapigieni simu siku ambayo hakuna kitu. Mtoto akijua simu ya nyumbani maana yake ni kuombwa, ataacha kuipokea, na siku atakayokuwa na shida ya kweli hatapiga. Na msimwite arudi kwa kila shughuli. Kutoka Dar es Salaam hadi Musoma ni zaidi ya kilomita 1,000, nauli ya kwenda na kurudi ni chakula cha wiki nyingi, na mitihani haimsubiri mtu aliyekwenda kukuna nazi kwenye harusi ya binamu. Msiba wa karibu, sawa. Hina na singo mtamrushia picha.

Nyinyi maharusi watarajiwa msidhani haya hayawahusu. Huku Mara mahari ni ng'ombe, na ng'ombe huishia kwenye zizi la baba. Imechukua miaka ya mawaidha kwa Waislamu wa huku kukubali kwamba mahari ya nikah ni haki ya bibi harusi mwenyewe, na bado wapo wanaonuna. Bumu litachukua muda vilevile, ila msilisubiri. Ukiwa chuo na umeshaposwa, lijue deni lako. Ingia kwenye akaunti yako ya Bodi, soma kiasi, mweleze mchumba kabla ya nikah kwamba mshahara wako utakatwa asilimia 15, asije akakuona mbadhirifu mwezi wa kwanza wa ndoa. Na usikubali bumu lako la mwisho liwe ndiyo bajeti ya sendofu yako mwenyewe.

Maana hilo nalo tumeliona, na limekuwa la kawaida. Bibi harusi yuko mwaka wa tatu, anakuja na mama yake kupimwa gauni, mama anachagua shanga na mkia mrefu, na ikifika kulipa binti ndiye anayetoa simu. Siku hizi tunauliza wazi kabla ya kukata kitambaa: anayelipa ni nani, na fedha ni ya nini? Ikiwa ni ya bumu, tunaandika risiti kwa jina la binti, tunaandika na idadi ya siku za chakula zilizomo ndani ya gauni lile, tunampa mama aisome. Mama mmoja alichukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine. Wawili walirudi baada ya siku chache wakalipa wao, na mkia tukaufupisha.